Sauti Hii Inatoka Wapi? Namna ya kutafuta chanzo cha mawimbi ya redio yasiyotakiwa



Makanisa yetu mengi hapa mashariki leo yana ampli, bafle na mikro zisizo na waya. Mengine yana redio yake ya FM. Tunamshukuru Mungu kwa vyombo hivi, maana vinafikisha Neno mbali. Lakini pamoja navyo imekuja shida ambayo wachache wetu tulifundishwa kuishughulikia: sauti au kelele inayoingia mahali isipoitwa. Katika makala hii tunaeleza aina za mawimbi hayo, namna ya kuyatambua, namna ya kupata mahali yanapotoka, na la kufanya chanzo kikijulikana. Tunaanza na jambo lililotupata sisi wenyewe, kwa sababu lilituonyesha kwamba kukosea katika kazi hii kunaweza kumuumiza mtu.

Sauti katika mkesha

Ilikuwa Ijumaa usiku, katika kanisa letu moja hapa Bukavu. Mhubiri alizima mikro yake ili watu waombe kimya. Ndipo bafle zikaanza kunena zenyewe. Ilikuwa sauti ya mwanaume, nzito, iliyokatika-katika, ikitaja damu, ikitaja moto. Wamama walipiga kelele. Wengine walianza kukemea pepo. Ijumaa iliyofuata ikatokea tena.

Jumapili ilipofika, kulikuwa na jina katika vinywa vya watu: mama mmoja mjane, mzee, anayekaa nyuma ya kanisa. Juu ya paa lake kulikuwa na waya mrefu uliofungwa mpaka kwenye mti wa avoka. Watu walisema kwamba kwa waya huo ndipo anapotumia sauti.

Sisi wachungaji hatukumshtaki. Lakini hatukumtetea pia. Tulinyamaza, na watu wakahesabu kimya chetu kuwa ni ndiyo. Watoto walianza kukwepa mlango wake. Waliokuwa wakinunua makala kwake waliacha kwenda.

Aliyetuokoa ni kijana wa kwaya anayetengeneza simu. Siku moja jioni alizima mikro zetu zote, akaacha kipokezi cha mikro kimewashwa, akaketi kando yake na daftari. Baada ya nusu saa sauti ikaja, na safari hii aliisikiliza mpaka mwisho bila kukimbia. Ilikuwa ni mtu anayeomba: damu ya Yesu, moto wa Roho Mtakatifu. Ng'ambo ya bonde kuna kanisa jingine, na mikro yao ilikuwa ya aina ile ile tuliyonunua sokoni, yenye frekansi ile ile. Mikro yetu ikiwa imewashwa, ilikuwa na nguvu kuliko yao na kuifunika. Ikizimwa, yao inaingia. Tulipovuka bonde kuwaeleza, wazee wao walituangalia kwa mshangao. Nao kwa majuma kadhaa walikuwa wakisikia sauti yetu, na tayari walikuwa wamepanga maombi ya kufunga ili kuifukuza.

Na waya wa yule mama? Marehemu mume wake alipenda kusikiliza idhaa za mbali kwenye mawimbi mafupi, na waya ule uliisaidia redio yake kupokea. Redio ya kusikiliza haina chombo cha kurusha sauti. Waya wake unapokea tu. Tulikwenda kwake tukaomba msamaha, kwanza nyumbani mwake, kisha mbele ya kusanyiko lote.

Mawimbi yasiyotakiwa ni ya aina gani?

Neno «yasiyotakiwa» halina maana kwamba aliyeyatuma ni mwovu. Kuna aina tano, na kila moja inatafutwa kwa njia yake.

Ya kwanza ni kelele ya umeme. Balbu za LED za bei ndogo, chaja za simu, konvertisa, vyombo vya kuratibu umeme wa jua, mota, na waya wa umeme uliolegea kwenye nguzo: vyote vinaweza kutoa mchakarisho unaosikika kwenye redio, hasa mawimbi ya kati na mafupi. Hakuna mtu anayesema ndani yake. Ni chombo tu.

Ya pili ni kugongana kwa watu wawili wenye frekansi moja, kama ilivyotupata sisi. Inaweza pia kutokea kati ya nchi na nchi. Bukavu na Rusizi zimetenganishwa na mto tu, na mawimbi hayaonyeshi pasipoti mpakani. Kwa sababu hiyo mataifa yana mpango wa kugawana frekansi za FM, uliokubaliwa Geneva mwaka 1984. Stesheni ya ng'ambo inayosikika kwako inaweza kuwa na haki yake kamili.

Ya tatu ni chombo cha kurusha kinachomwaga nje ya njia yake. Redio imepewa frekansi moja, lakini mtambo wake mbovu au usio na chujio unatoa mawimbi mengine pembeni ambayo mwenyewe hayajui.

Ya nne ni mtu anayerusha bila ruhusa kwenye frekansi asiyopewa.

Ya tano ni ile inayorushwa kwa kusudi la kudhuru: kufunika sauti ya mwingine, au kupanda chuki. Tutarudi kwa hiyo.

Kwanza tambua, halafu tafuta

Watu wengi wanaanza na swali «ni nani?» kabla ya kuuliza «ni nini?» Hapo ndipo wanapopotea. Anzeni na daftari. Andikeni tarehe, saa ilipoanza, saa ilipoisha, frekansi, na maneno au aina ya kelele iliyosikika. Baada ya juma moja daftari litaonyesha mengi. Kelele inayoanza kila siku jioni saa kumi na mbili na nusu inaonyesha taa zinazowashwa giza likiingia. Sauti inayosikika Jumapili na Ijumaa tu inaonyesha kanisa.

Kisha chunguzeni nyumba yenu. Bwana Yesu alitufundisha katika Mathayo 7 kuangalia kwanza boriti iliyo katika jicho letu, na katika kazi ya redio fundisho hilo ni la kufuatwa kama lilivyo. Chukueni redio ndogo ya betri, zimeni umeme wote wa kanisa kwenye mita, pamoja na konvertisa na paneli za jua. Kelele ikiisha, chanzo ni chenu. Washeni chombo kimoja kimoja mpaka irudi, na hapo mtakuwa mmekipata.

Hapa kwetu hata kukatika kwa umeme kunaweza kuwa msaada. SNEL ikikata umeme wa mtaa mzima, washeni upesi ile redio ya betri. Ikiwa kelele imeisha pamoja na umeme, chanzo kinategemea umeme wa mtaa huo, kwenu au kwa jirani. Ikiwa inaendelea, chanzo kina jenereta, betri au umeme wa jua, au kiko mbali, mahali ambapo umeme haujakatika.

Ikiwa sauti inatoka kwenye bafle, zimeni mikro na kipokezi cha mikro, kisha chomoeni nyaya kutoka kwenye ampli, mmoja baada ya mwingine. Uzi ukitoka na sauti ikaisha, mnajua mlango ilioingilia.

Namna ya kupata mwelekeo

Mkisha hakikisha kwamba chanzo hakiko kwenu, ndipo safari ya kutafuta inaanza. Haihitaji vyombo vya gharama kubwa. Inahitaji redio ndogo, dira, karatasi yenye ramani ya mji, na uvumilivu.

Kwa FM, simama mahali pa wazi, shika redio karibu na kifua, geuka polepole mpaka umalize duara. Mwili wa mtu unazuia sehemu ya mawimbi. Pale sauti inapokuwa dhaifu kabisa, chanzo kiko nyuma ya mgongo wako. Angalizo: katika FM msitegemee ukubwa wa sauti, kwa kuwa redio husawazisha sauti yenyewe. Fupisheni antene mpaka mchakarisho uanze kusikika, halafu fuateni mchakarisho: ukizidi, mawimbi ni dhaifu, ukipungua, mawimbi yana nguvu.

Kwa mawimbi ya kati, redio ndogo ina fimbo nyeusi ndani yake inayofanya kazi ya antene, na mara nyingi imelala kwa urefu wa redio. Geuzeni redio polepole. Sauti inapofifia kabisa, ncha ya fimbo hiyo inaelekea kwenye chanzo. Lakini fimbo ina ncha mbili, na kwa mahali pamoja hamwezi kujua ni ipi. Lazima mhamie mahali pengine mpime tena.

Fundi mwenye uzoefu atatumia antene ya vijiti, kama ile ya televisheni inayowekwa juu ya paa. Hiyo inasikia vizuri upande mmoja kuliko pande nyingine, na inaonyesha njia kwa uhakika zaidi.

Sasa chukueni dira, mchore kwenye ramani mstari kutoka pale mliposimama kuelekea upande wa sauti. Mstari huo mmoja hautoshi. Tuseme mmekosea digrii 10 tu, na chanzo kiko kilometa 3: mtakuwa mmekosea zaidi ya mita 500. Katika Kadutu, ndani ya mita 500 kuna mamia ya nyumba. Mtagonga mlango gani?

Kwa hiyo pimeni kutoka mahali pa pili na pa tatu, mbali na pa kwanza. Kwa mfano mmoja asimame Nguba, mwingine Panzi, mwingine Bagira. Mahali mistari mitatu inapokutana, au inapofanya pembetatu ndogo, ndipo pa kwenda kutafuta kwa miguu. Kumbukumbu la Torati 19 inakataza mtu kuhukumiwa kwa ushahidi wa mtu mmoja. Inataka mashahidi wawili au watatu. Mafundi wa redio walifika kwenye kanuni hiyo hiyo kwa njia ya hesabu.

Bukavu ina shida yake ya pekee, yaani milima. Mawimbi yanagonga mlima na kurudi, kama mwangwi wa mtu anayeita bondeni. Ukipima ukiwa chini ya bonde, unaweza kuelekezwa kwenye mlima usio na chochote, kwa kuwa umepima mwangwi. Pandeni juu, mahali panapoona mbali, mkapime huko. Na mkikaribia chanzo, redio itajaa mawimbi kila upande na haitaonyesha njia tena. Hapo fupisheni antene kabisa, au sogezeni kidogo namba ya frekansi pembeni, ili redio isikie kidogo.

Jambo moja la usalama. Katika mji wetu uliopitia vita nyingi, mtu anayezunguka na antene na ramani anaweza kudhaniwa kuwa mpelelezi. Msimtume kijana peke yake. Mwende wawili au watatu, mchana, mkiwa mmewajulisha wakubwa wa avenyu na wa kata, mbali na kambi za askari na mipaka. Kama hali ya siku hiyo si nzuri, acheni. Hakuna kelele ya redio inayolingana na uhai wa mtoto wa mtu.

Wakati inapogusa ndege

Wengine watasema, kwa nini kujisumbua? Sikilizeni basi. Redio za FM zinakaa kati ya megahezi 87,5 na 108. Mara tu baada ya 108 zinaanza frekansi za vyombo vinavyoongoza ndege, na kutoka 118 mpaka 137 ni pale rubani anapoongea na mnara. Kati ya ukumbi wa muziki na njia ya ndege hakuna hata ua.

Mitambo miwili ya FM ikikaa pamoja juu ya kilima bila machujio, mawimbi yake yanaweza kuchanganyika na kuzaa mawimbi ya tatu. Hesabu ni rahisi: mara mbili ya moja, toa nyingine. Redio ya 105 na redio ya 90: mara mbili ya 105 ni 210, toa 90, inabaki 120. Hiyo ni frekansi ya rubani. Redio zote mbili zinaweza kuwa na ruhusa, zote mbili zikihubiri Injili, na bado rubani anayeshuka katikati ya mawingu na milima akasikia nyimbo za kwaya mahali pa maagizo ya mnara. Sisi tunaotegemea ndege ndogo kufikisha dawa na watumishi kule ambako barabara haifiki, tunapaswa kuwa wa kwanza kuweka chujio kwenye mtambo wetu na kumwita fundi aupime. Sala ya kuweka redio wakfu haifanyi kazi ya chujio.

Wakati sauti yenyewe inaua

Kwa watu wa Kivu, habari hii ina upande mzito zaidi. Tuliishi jirani na RTLM, redio iliyoanza kurusha Rwanda mwaka 1993 na kuchochea mauaji ya kimbari ya 1994. Waanzilishi wake wawili walihukumiwa na mahakama ya kimataifa ya Arusha mwezi wa Desemba 2003. Mwaka huo huo wa 1994 kulianza redio ya siri iliyolenga Burundi, Radio Rutomorangingo, na mawimbi yake yalitoka upande wetu, maeneo ya Uvira. Tarehe 29 Januari 1996 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, katika azimio namba 1040, liliomba mataifa yashirikiane kutambua na kuvunja redio zinazochochea chuki na mauaji katika Burundi. Kwa hiyo kazi tunayoieleza hapa, ya kutafuta sauti inatoka wapi, iliwahi kuombwa na dunia nzima kwa ajili ya milima hii.

Lakini kutoka mji huu huu wa Bukavu, mwezi wa Agosti 1994, ilianza pia Radio Agatashya, iliyowekwa na waandishi wa habari kwa msaada wa Waswisi ili kuwapa wakimbizi na wenyeji habari za kweli. Agatashya ni jina la ndege mdogo, mbayuwayu. Iliendelea mpaka vita vilipoinyamazisha mwezi wa Oktoba 1996. Hewa ile ile ya Kivu ilibeba sauti zote mbili. Mitambo haikuwa na tofauti kubwa. Tofauti ilikuwa katika waliokuwa nyuma ya mikro.

Siku hizi chuki haihitaji mlingoti. Inakuja kama sauti ndani ya simu, imetumwa na mtu aliyetumiwa na mtu mwingine. Kanuni ni ile ile. Kabla ya kuipeleka mbele, uliza: imetoka wapi kwa mara ya kwanza? Nani shahidi wa pili? Usipopata jibu, iishie kwako.

Chanzo kikijulikana

Mkisha kupata mahali, msiende na umati wa watu. Waende wawili, wamwone mwenye chombo kwa upole, pamoja na daftari lenu. Mara nyingi hajui. Kama ni jirani mwenye chaja mbovu, mnunulieni nyingine. Itagharimu kidogo kuliko ugomvi. Kama ni kanisa, kubalianeni frekansi. Sisi na ndugu wa ng'ambo ya bonde tulichanga nusu kwa nusu, tukanunua mikro za frekansi nyingine, na tangu siku hiyo tunaalikana.

Kama ni mtambo wa redio, pelekeni habari kwa wenye redio kwa barua. Wasiposikia, mambo ya frekansi yako mikononi mwa ARPTC, na mambo ya yale yanayosemwa hewani yako chini ya CSAC. Kama mawimbi yanagusa ndege, mjulishe mnara wa uwanja mara moja, bila kungoja barua. Na kama ni redio ya watu wenye silaha, kazi yenu inaishia kwenye daftari. Msiisogelee. Msipande mlingoti wa mtu, msikate waya wa mtu, msirushe mawimbi ya kumfunika.

Kijana Samweli alisikia sauti usiku, akakimbia mara tatu kwa mtu ambaye hakumwita. Hakuwa mwovu, alikuwa hajafundishwa kutambua. Eli, mzee aliyefifia macho, ndiye aliyemsaidia kujua sauti inatoka wapi. Hiyo ndiyo kazi yetu wachungaji na wazee wa kanisa. Watu wakija kwetu na hofu na jina la mtu mkononi, tusinyamaze kama tulivyonyamaza sisi. Tuwaambie waketi. Tuombe daftari. Tuanze kuzima vyombo vyetu wenyewe, kimoja kimoja.

Yule mama angali anakaa nyuma ya kanisa. Waya wake ungali kwenye mti wa avoka. Vijana wa kwaya ndio waliourudishia alipokuwa ameushusha kwa hofu. Jioni, tukipita, tunasikia redio yake.